Nyumba ya bibi huko Mkomani, Lamu: simiti imetoka, sasa ni chokaa

Haya, simiti yote ya ukuta wa ndani imeshabanduliwa. Kwa wasiozijua nyumba za mawe za Lamu, ukitoka kiwanda, yaani ua, unapita msana wa tini (ukumbi mwembamba wa chini), halafu msana wa juu, halafu ndio ndani yenyewe, na kila ukiingia unapanda kidogo. Kwetu huku ndani ndiko kuliko na zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu kwa safu za plasta ya kunakshi, zamani watu wakiweka misahafu na sahani za China. Nyumba hizi nyingi ni za karne ya 18 mpaka mwanzo wa 19, wakati biashara ya bahari imeshamiri.

Sasa hiyo simiti. Miaka ya nyuma ukuta ulianza kumeguka chini, akaitwa fundi akaupaka simiti mpaka usawa wa kiuno, ukapendeza. Lakini ukuta wenyewe ni matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita, unavuta maji kutoka chini pamoja na chumvi, na chokaa huyaachia maji yale yatoke taratibu. Ukiziba na simiti maji hayana pa kutokea yanapanda juu zaidi, chumvi inakauka nyuma ya plasta inakuwa chembe ngumu zinazosukuma mawe mpaka yanakuwa unga. Tulivyobandua simiti ilitoka na vipande vya ukuta. Safu ya chini ya zidaka imekwenda kabisa na hilo linaniuma sana, kwa sababu kwa nje ukuta ulionekana mzima miaka yote.

Zidaka zilizobaki sizigusi zaidi ya kuzisafisha kwa brashi laini. Za chini tutazijenga upya kwa kufuata zile za juu yake, na mzee tunayefanya naye kazi anasema tusizinyooshe sana kwa sababu za zamani zilikatwa kwa mkono na jicho, namuunga mkono kabisa.

Chokaa tumeiloweka, tumeifunika, inangoja. Hii kazi haitaki haraka jamani, unapaka koti jembamba, unaliwekea magunia mabichi lisikauke kwa ghafla, maana chokaa inakuwa ngumu kwa kuvuta hewa, halafu ndio koti lingine. Mchanga usiwe wa pwani, chumvi ndiyo tunayoikimbia. Na kila kitu kinaletwa na punda, vichochoro vyetu havipitishi gari.

Dari nayo, boriti mbili zimeoza pale zinapoingia ukutani. Ndugu zangu wengine wanataka tutoe dari yote tumimine slabu na tuvunje ukuta mmoja tupate sebule pana. Vyumba ni vyembamba kweli, mita 2 na nusu hivi, kwa sababu boriti ya mkoko ndio urefu wake huo, lakini uzito wa slabu kuta za matumbawe hazikujengewa. Halafu mji huu unalindwa kisheria tangu 1986, na UNESCO wakauingiza kwenye urithi wa dunia 2001, kwa hiyo kuvunja si jambo la kuamua sisi peke yetu. Tumekubaliana tubadilishe hizo mbili tu. Boriti nimeshaagiza, zikifika tunaegemeza dari kwanza kabla ya kugusa zidaka za chini.