Kumbukumbu ya mradi: pwani ya Wabaski wakati wa baridi, kwa hesabu ya bamvua

Oktoba 12, 2025

Mradi umefunguliwa rasmi leo, maana yake nimenunua daftari.

Nakaa Toulouse mwaka wa tatu sasa, kwetu Jambiani. Shoga yangu ni wa Pemba, anakaa Leicester. Likizo zetu hazijawahi kukutana kiangazi hata siku moja, na Januari ndiyo zinakutana. Basi tutakwenda Januari. Kila niliyemwambia kazini amenitazama kama niliyesema nakwenda kuoga kwenye friji.

Njia yenyewe ni fupi, pwani ya Wabaski, mpakani mwa Ufaransa na Hispania: Bayonne, Biarritz, Saint-Jean-de-Luz, tunavuka mpaka wa nchi pale Hendaye, tunaingia San Sebastián (wenyewe Wabaski wanauita Donostia), tunamalizia Bilbao. Kutoka Bayonne hadi Bilbao ni kama kilomita 150 kwa barabara, pungufu ya Dar na Morogoro. Hakuna haja ya gari. Kazi iliyobaki ni kupanga siku, nikadhani ni kazi ya jioni moja.

Oktoba 19

Si kazi ya jioni moja. Nimejaza Excel mpaka macho yanauma: safu ya hoteli, safu ya makumbusho, safu ya "lazima tuone". Kila mji umepata siku yake, na ratiba haina ladha yoyote. Ningeweza kuibadilisha majina nikaenda nayo Ubelgiji.

Nikampigia mama. Shikamoo, marahaba mwanangu, baridi imeanza? Nikamweleza safari. Mama amelima mwani miaka zaidi ya ishirini na hajawahi kupanda ndege. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na huko maji yanakupwa saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Miji sita ya pwani, safu kumi na moja za Excel, na mtoto wa Jambiani hajaangalia maji.

Novemba 2

Wiki mbili za kusoma jedwali za maji badala ya kusoma maoni ya hoteli. Nitaandika hapa nilichopata, kwa sababu ndicho kilichogeuza mradi mzima.

Kwanza, pwani ya Wabaski ina maji kama yetu. Yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya maji makavu na maji makuu inafika mita nne na ushei. Kwa hiyo ufuko wa picha za saa tisa si ufuko utakaoukuta saa tano. Ufuko wa La Concha pale Donostia kuna saa ni uwanja wa mpira, na kuna saa ni utepe tu wa mchanga.

Pili, saa zenyewe. Nilizisoma mara tatu nikidhani nimekosea. Siku za bamvua, kule maji yanapwa kabisa kuelekea saa tano asubuhi na yanajaa jioni. Ndivyo ilivyo kwetu pia, ndiyo maana akina mama wanashuka shambani mwa mwani asubuhi siku hizo. Mama naye hakushangaa: "Mwezi si mmoja?"

Tatu, na hili nimelipenda kuliko yote. Kwetu maji yasiyopwa vizuri tunayaita maji mafu. Wafaransa wanayaita *mortes-eaux*, Wahispania *marea muerta*. Maji mafu, neno kwa neno! Wahispania wanaendelea: bamvua kwao ni *marea viva*, maji hai. Kibaski kina njia yake. Bahari ni *itsaso*, juu ni *gora*, chini ni *behera*, basi maji kujaa ni *itsasgora* na kupwa ni *itsasbehera*. Haya ndiyo maneno yangu ya kwanza ya Kibaski, kabla hata ya *kaixo* ya kumsalimia mtu na *eskerrik asko* ya kumshukuru.

Kwenye jedwali zao kuna namba wanayoweka kila siku, kuanzia 20 hadi 120, ya kupimia nguvu ya maji. Ndogo ni maji mafu, kubwa ni bamvua. Kwa hiyo sasa safu ya kwanza ya Excel ni mwezi, ya pili ni hiyo namba, na hoteli zimesogezwa mwisho kabisa.

Novemba 9

Januari 2026 ina bamvua mbili za kuchagua. Mwezi mpevu ni tarehe 3, na mwezi siku hizo uko karibu sana na dunia, kwa hiyo bamvua yake ni kubwa. Mwezi mwandamo ni tarehe 18, lakini siku chache kabla mwezi unakuwa mbali, kwa hiyo bamvua yake ni ya wastani.

Kwa mtu wa maji jibu ni tarehe 3. Ila tarehe 20 Januari Donostia wana Tamborrada.

Saa sita kamili ya usiku wa kuamkia tarehe 20, kwenye uwanja wa Plaza de la Constitución katika mji mkongwe, bendera ya mji inapandishwa na ngoma zinaanza. Hazinyamazi mpaka saa sita ya usiku unaofuata. Vikundi kwa vikundi vinazunguka mitaa, wengine wamevaa sare za askari wa zama za Napoleon, wengine mavazi meupe ya wapishi, na pamoja na ngoma vinapigwa vipipa. Inasimuliwa kwamba askari walipopita wakipiga ngoma zao, watu wa mji waliokwenda kuteka maji waliwajibu kwa kuwadhihaki, kwa kugonga ndoo. Adhuhuri ni zamu ya watoto, maelfu yao. Muziki unaopigwa ni wa Raimundo Sarriegui, mwenyeji wa mji ule.

Nilipomtumia shoga yangu video, alijibu kwa neno moja: "Beni!" Na kweli, ni kama ngoma yetu ya beni. Raia waliovaa sare za askari, ngoma mbele, kejeli kidogo ndani yake. Mtu aliyekulia pwani yetu hahitaji kufafanuliwa hiyo.

Balkoni za uwanja ule zina namba hadi leo, kwa sababu zamani palichezwa ng'ombe na watu walikodi balkoni za watazamaji. Sijui kwa nini jambo hilo limenikaa kichwani hivi. Labda kwa sababu na Pemba walikuwa na mchezo wa ng'ombe.

Uamuzi: bamvua ndogo yenye ngoma. Tunaondoka Ijumaa tarehe 16, tunarudi Ijumaa tarehe 23.

Novemba 23

Viza. Mimi nina kibali cha kukaa Ufaransa, kwa hiyo Hispania naingia tu. Shoga yangu ana pasi ya Tanzania na kibali cha Uingereza, na Uingereza haimo katika Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja. Sheria yenyewe: unaomba kwenye nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, hata kama utashukia kwingine. Atashuka Toulouse, lakini usiku wa kulala Ufaransa upande wa Wabaski ni miwili na Hispania ni mitano, basi maombi ni ya Hispania. Ada euro 90. Bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Kikawaida majibu ni siku 15 tangu maombi yapokewe, lakini kupata tarehe ya kupeleka fomu ndiyo kazi yenyewe. Amepata Desemba 11. Tumeshukuru.

Hata mimi nabeba pasi na kibali, si picha kwenye simu. Ufaransa ilirudisha ukaguzi mipakani tangu 2015, na kwenye treni za Hendaye wanakagua. Na wanajua wa kumkagua.

Desemba 7

Nimekasirika, kwa hiyo maandishi yatakuwa mabaya.

Chumba cha Donostia nilikilipia Novemba 10, kwa bei nzuri, hatua chache kutoka mji mkongwe. Jana mwenye chumba amefuta. "Matengenezo." Leo asubuhi chumba hichohicho kinatangazwa tena, tarehe zilezile, bei mara mbili na nusu. Bila shaka aligundua kalenda ina tarehe 20. Pesa zimerudi, hasira imebaki.

Tumepata vitanda viwili vya ghorofa katika chumba cha watu sita, mtaa wa Gros, ng'ambo ya mto Urumea. Tutavuka daraja kwa miguu usiku. Shoga yangu anasema afadhali, kwani nani atalala?

Jambo jema la wiki: nimemaliza upande wa usafiri. Kutoka Hendaye kuna treni ndogo ya Euskotren inayoingia Donostia kwa nauli isiyofika euro tatu. Wenyeji wanaiita Topo, yaani mnyama fuko, kwa sababu inapita sana chini ya ardhi. Donostia hadi Bilbao basi linachukua saa moja na robo hivi, na treni inazidi saa mbili na nusu kwa sababu inazunguka mabonde yote. Nilitaka basi. Halafu nikaona treni hiyohiyo inasimama Zumaia.

Desemba 14

Zumaia imepata ukurasa wake.

Chini ya kanisa dogo la San Telmo kuna ufuko wa Itzurun, na miamba yake imesimama kwa matabaka, gumu laini gumu laini, kama sahani zilizopangwa ubavu kwenye kichanja. Ni matope na chokaa ya sakafu ya bahari, iliyolala tabaka juu ya tabaka kwa mamilioni ya miaka kisha ikainuliwa milima ya Pyrenees ilipokunjwa. Mojawapo ya mistari hiyo ni ya miaka milioni 66 iliyopita, wakati madinosauri walipotoweka. Maji yakijaa, unaona ukuta tu. Yakipwa, matabaka yanaendelea mpaka baharini na unatembea juu yake.

Tarehe 19 ni Jumatatu. Maji yanapwa kuelekea saa tano asubuhi, na treni kutoka Donostia haifiki saa moja. Isitoshe Jumatatu ndiyo siku ambayo Guggenheim, makumbusho ya sanaa ya Bilbao, hufungwa, kwa hiyo hatupotezi kitu. Nilipoona vyote vimekaa mahali pake nilipiga kofi la furaha peke yangu jikoni.

Mama katoa sharti moja: mwamba wenye mwani unateleza, na usiipe bahari mgongo. Nimenunua viatu vya soli ya mpira.

Jioni ya tarehe 20 maji yatakuwa juu kabla tu ya Magharibi. Saa hiyo tutakwenda mwisho wa ghuba, kwenye vyuma vitatu vya Eduardo Chillida vilivyopachikwa kwenye miamba mwaka 1976, Kitana cha Upepo. Sakafu pale ina matundu, mawimbi yakipiga chini hewa na maji vinaruka juu kwa mlio. Maji yakiwa chini matundu hayo hayana habari. Hiyo haikuwa kwenye maoni ya hoteli yoyote.

Desemba 21

Chakula. Leo Bilbao na Donostia wana gulio la Santo Tomás, na chakula chake ni *talo*, mkate mwembamba wa unga wa mahindi unaochomwa kwenye chuma. Tatizo ni kinachokunjwa ndani, soseji ya nguruwe.

Na nguruwe yuko kila mahali kule, mpaka ndani ya vitu usivyomdhania. Tumekubaliana: kwenye kaunta za *pintxos*, vitafunio vyao vidogo, tunakula vya baharini tu na tunauliza kila mara. Orodha si haba: *gilda*, yaani kijiti chenye zeituni, pilipili na dagaa wa kutiwa chumvi, chewa mkavu aliyerowekwa na kupikwa taratibu mpaka mafuta yanakuwa mchuzi mzito, kaa, na ngisi waliopikwa kwa wino wao wenyewe. Huyo wa mwisho nimemtumia mama picha. Kasema nazi iko wapi.

Januari 4, 2026

Mwanga. Hispania inatumia saa za Ulaya ya Kati ilhali iko magharibi kabisa, kwa hiyo jua la Januari huko linachomoza saa mbili na nusu asubuhi. Alfajiri ni kuelekea saa moja. Mtu wa kuchelewa kuamka kama mimi, hii ni neema. Magharibi ni saa kumi na mbili na dakika chache, mapema kidogo kuliko nyumbani.

Mvua nimeacha kuihesabu. Kuna rasharasha ya kule inaitwa *sirimiri*, haikunyeshei bali inakuzunguka. Mwavuli umefutwa kwenye orodha kwa sababu ya upepo, koti la kofia limeingia.

Bilbao tutapumzika: Guggenheim, jumba la Frank Gehry la tangu 1997, siku moja, na siku nyingine treni ya Bermeo inayopita Gernika na Mundaka, mlangoni mwa mto, ambako fungu la mchanga linatengeneza wimbi la kushoto wanalolifuata watelezaji wa dunia nzima. Tutatazama tu. Maji yana nyuzi 12 au 13.

Januari 13

Pasi imerudi, viza imo! Shoga yangu alinipigia akilia, nikadhani kanyimwa.

Begi limefungwa. Jedwali la maji limechapishwa, nakala mbili, moja ndani ya plastiki.

Jana nikagundua kitu cha mwisho. Baada ya dhoruba za vuli na baridi, bahari ya Wabaski inatupa mwani mwekundu ufukoni, na upande wa Saint-Jean-de-Luz kuna watu wanaoukusanya na kuuuza kwa ajili ya agari, ile inayogandisha vyakula. Nikamwambia mama. Simu ikanyamaza kidogo.

"Hawaupandi? Unakuja wenyewe?"

"Unakuja wenyewe, mama."

"Kilo wanauza bei gani?"

Nimeandika kwenye ukurasa wa Jumamosi tarehe 17, juu ya kila kitu: kuuliza bei ya mwani, mkavu na mbichi.