Visanduku vitatu

Mwezi Desemba 2018 nilikuwa mwalimu niliyeweka chaki kando ili kufuatilia watu waliokutana na wagonjwa wa Ebola mjini Beni, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kila asubuhi, kwa siku 21, nilibisha hodi katika nyumba zilezile, nikapima joto la kila mtu, nikauliza habari za kutapika na kuumwa kichwa, kisha nikajaza kisanduku cha siku hiyo kwenye fomu.

Nyumba ninayoikumbuka zaidi ni ya mzee mmoja seremala, ambaye jirani yake alikuwa amefariki kwa ugonjwa huo. Tangu tarehe 11 alinipokea kwa heshima, na watoto wake walishindana nani apimwe kwanza.

Tarehe 26, zikiwa zimebaki siku 4 nchi nzima ipige kura, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo, pamoja na Yumbi iliyo mbali magharibi, zingengoja hadi Machi. Kwa upande wetu sababu zilizotajwa zilikuwa Ebola na ukosefu wa usalama. Rais mpya angeapishwa Januari, kwa hiyo watu zaidi ya milioni 1, wengi wao wakijulikana kuelemea upinzani, wasingekuwa na sauti katika kumchagua. Na masoko yalikuwa wazi, makanisa yalikuwa yamejaa Krismasi ya jana yake tu.

Usiku ule tuligawanyika nyumbani. Kaka yangu, aliyemuunga mkono mgombea wa muungano tawala, alisema uhai ndio wa kwanza. Dada yetu akamjibu kwamba maradhi yanayozuia kura lakini hayazuii soko si maradhi, ni siasa. Mimi nilikuwa nimewaona wagonjwa kwa macho yangu, na kadi yangu ya mpiga kura ilikuwa mfukoni. Ebola ilikuwa ya kweli na dhuluma ilikuwa ya kweli, lakini juma lile aliyetamka moja alihesabiwa kuwa amelikana la pili, nami sikupata wa kunisikiliza hata katika chakula cha mama yangu mwenyewe.

Kesho yake waandamanaji walivamia kituo kimoja cha wagonjwa. Kwa seremala nilikuta lango limefungwa.

“Mwalimu,” alisema kutoka ndani, “kama joto la mwili wangu limetosha kuninyima kura, sitalitoa tena lipimwe.”

Nilimsihi, “Mzee, hii kazi haina chama.” Hakujibu. Tarehe 28 na 29 ikawa vivyo hivyo, na nilirudi nikiwa na hofu juu ya wale watoto.

Jumapili tarehe 30 wakazi wa Beni waliandaa uchaguzi wao wa mfano, kwa karatasi badala ya mashine za kupigia kura. Foleni ilikuwa ndefu, na mlangoni palikuwa na ndoo za maji, kila mpiga kura akinawa kabla ya kuingia. Seremala alikuwa mbele yangu. Aliponiona aliinua mikono yake inayodondoka maji, akasema, “Andika na hili kwenye fomu yako.”

Asubuhi iliyofuata, siku ya 21, lango lilikuwa wazi. Wote walikuwa wazima. Msimamizi wangu aliniagiza nijaze vile visanduku vitatu kwa kukisia ili fomu ikamilike. Niliviacha vitupu, nikaandika pembeni: walinyimwa kura.