Bata kumi na mwanya kati yao: kumbukumbu ya mradi wangu wa baridi

Mwanzoni mwa Desemba nilijiwekea lengo jepesi kulitamka: picha moja ya kundi la bata juu ya maji, wasiopungua kumi, kila mmoja aonekane bata kamili na si kivuli cha jirani yake. Sasa ni katikati ya Februari. Nina picha zaidi ya elfu tatu, zinazofaa ni mbili, na moja kati ya hizo bado naitilia shaka.

Nilichagua baridi kwa makusudi. Ziwa likianza kuganda, bata husongamana pale mkondo unapozuia barafu, kwa hiyo huna haja ya kuwatafuta. Tena madume wameshavaa manyoya yao mapya. Wangu ni bata wa kishungi: dume mweusi mwenye ubavu mweupe, jicho la njano na kinywele kinachoning'inia kisogoni.

Desemba

Nimezoea kupiga picha bata mmoja mmoja, na kwa huyo kanuni ni kulala kifudifudi, lenzi karibu iguse maji. Nikafanya hivyo kwa kundi. Nilichopata ni utepe mweusi wenye macho ya njano, kichwa cha huyu kimeota mkiani mwa yule. Safari nne nzima nililowesha kifua kabla ya kukubali kwamba kosa ni la pembe, si la bata. Nikasimama ukingoni, kamera kwenye miguu mitatu usawa wa kifua. Mianya ikafunguka hapo hapo. Unapoteza ile mandharinyuma laini, ndiyo, nyuma yao panabaki maji matupu, lakini kwa kundi nakubali hasara hiyo.

Januari

Tatizo la pili: bata wawili wanaonekana wazi kabisa, wengine ukungu. Nikakaa na kalamu. Lenzi ya milimita 500, tundu la kupitisha mwanga f/8 (namba ikikua, tundu linakuwa dogo), bata wako mita 40: kina kinachoonekana wazi ni kama mita 3 tu, na kundi langu limetapakaa mita 7. Kufunga tundu hadi f/11 kunaongeza mita moja na kidogo. Kurudi nyuma hadi mita 60, kwa f/8 ile ile, kunanipa karibu mita 7. Yaani dawa ilikuwa kusogea mbali, kinyume na kila nilichokuwa nikikifanya! Na bata nao wakatulia. Wiki iliyotangulia niliteremka ukingoni kwa pupa, kundi zima likaruka. Baridi hii kila mruko unawamalizia mafuta ya mwili wanayoyahitaji usiku. Nilifunga mkoba nikaenda zangu.

Ila umbali nao una deni lake. Asubuhi ya baridi kali kuliko zote, maji yakitoa moshi, picha zote zilitoka kama nimepiga kupitia kioo cha bafuni. Nililaumu lenzi siku tatu. Kumbe ni hewa: maji yana joto kuliko hewa iliyo juu yake, basi hewa inachemka na kupinda mwanga. Tangu hapo nakwenda siku za mawingu, baridi ya wastani. Mawingu yananisaidia pia na ule ubavu mweupe, ambao kwenye picha jua liliuunguza kwa weupe hadi manyoya hayaonekani. Hata hivyo bado napunguza mwanga kwa theluthi mbili za stopu (stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu).

(Betri ya akiba inakaa mfuko wa ndani, karibu na mwili. Kamera inaingia kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kabla sijafungua mlango wa nyumba, la sivyo umande unatanda hadi ndani ya lenzi.)

Februari

Wakila, hawafai: mmoja anazama, wenzake wanafuata, kundi linabaki na mashimo. Nasubiri wapumzike. Aliye pembezoni mara nyingi analala na jicho la upande wa nje wazi, akichunga hatari, kwa hiyo fokasi naiweka kwake. Picha inapata mtu wa kukutazama.

Jambo lililonichelewesha zaidi ni upepo. Bata aliyetulia majini huelekeza kifua upepo unakotoka. Ukivuma kutoka mgongoni mwangu, wote wananitazama mimi, midomo haisomeki. Ukivuma kutoka ng'ambo, napata makalio. Juzi ulikuja kutoka kushoto, wa taratibu, na kundi zima likajipanga ubavu, kumi na watatu, vishungi vikipeperushwa upande mmoja. Kasi ya shata sekunde 1/1000, f/8, mita 60.

Ndiyo ile ninayoitilia shaka. Wa tano kutoka kushoto alichagua sekunde hiyo hiyo kujikuna kichwa, na mguu wake umefunika jicho la wa sita. Kesho wametabiri upepo wa kushoto tena.