Jicho Lililomezwa na Mshono

Juzi, nilipokuwa nikikunja mfarishi, mwanangu wa mwisho aliweka kidole kwenye mraba wa katikati akauliza, "Mama, mbona bibi ana jicho moja?"

Mraba ule niliushona mwaka wa kwanza baada ya msiba. Nilichapa picha ya mama kwenye kitambaa cha pamba kilichogandishwa kwenye karatasi kwa pasi ili printa isikitafune. Nakala mbili, kila moja ya sentimita 20 kwa 20, moja ya kukata na moja ya kuniondolea hofu. Nilikusudia kuikata picha kuwa kanda tano za sentimita 4, kisha nizipange upya: wa pili, wa nne, wa kwanza, wa tatu, wa tano.

Katika picha ile mama anakata uzi kwa meno, uso umegeuka upande kidogo. Nilipoilaza rula kwenye sentimita 8, niliona mstari unapita katikati kabisa ya jicho. Ningeweza kuisogeza, lakini kanda zingepishana upana, nami wakati ule niliamini vipimo kuliko kitu kingine chochote. Nilijiambia kwamba ile ni pamba na wino tu, nikarudia kujiambia, kisha nikaweka kisu chini nikaenda kunywa maji. Mkasi hutafuna kitambaa polepole, na mtu anaweza kughairi njiani. Kisu cha gurudumu hakimpi nafasi hiyo. Kilipita mara moja, kikaacha mpasuko mwembamba kiasi kwamba uso ulionekana mzima bado, mpaka nilipousogeza ukanda kwa ncha ya kidole na jicho likaachana pande mbili.

Yaliyobaki yalikuwa kazi ya cherehani. Sikuwa nimekumbuka kwamba mshono hula milimita 6 kila upande, hivyo mishono minne ilipunguza mraba hadi sentimita 15.2, na nusu zote mbili za jicho, zilizokuwa ukingoni, zikazama. Niligundua nikiwa napiga pasi kavu, kwa maana mvuke ungeweza kuuchafua wino. Mkono wa mama ulikuwa umehamia mbali na uzi, na jicho lililosalia lilinitazama bila kulalamika, jambo ambalo yeye mwenyewe asingeliweza. Sikufumua.

Nilimwambia mtoto kwamba jicho la pili limo ndani, nusu kwenye mshono wa kwanza na nusu kwenye wa tatu. Alipapasa ile minene miwili kwa zamu, kwa makini, kama anayemgusa mtu aliyelala.

"Huko ndani limefumba au limefumbua?"

Nakala ya pili iko kwenye droo, haijakatwa. Sijaenda kuitazama.