Sentensi Moja Kwenye Wasifu wa Mjomba

Mjomba alipofariki, Julai 2024, kamati ya mazishi ilinikabidhi mimi kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Mimi ni mwalimu, wakasema, tena nina sauti inayosikika hata umeme ukikatika. Msiba ulikuwa nyumbani kwao Mvumi, wilaya ya Chamwino, na maziko yalipangwa kesho yake baada ya ibada. Nikapewa daftari, taa ya sola na chumba cha ndani, huku nje wanaume wakiota moto chini ya turubai. Mgeni aliyeizoea Dodoma ya jua la mchana huwa haamini baridi ya mwezi wa saba. Jioni ile upepo ulikuwa unalivuta turubai mpaka kamba zinalia.

Wasifu wa msibani kila mtu anaujua. Alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alioa, aliugua, ameacha mjane na watoto, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Kwa Mjomba palikuwa na nyongeza ambayo kila aliyeingia chumbani alinikumbusha: mbio. "Usisahau mbio, mwalimu." Kana kwamba ningeweza.

Mjomba alikuwa na miaka 21 pale Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma na afisa wa jeshi, aliposhinda marathoni ya New York, Novemba 1989, kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Habari ilifika Mvumi kwa redio. Mama husema wiki ile vijana wote wa kijiji walikuwa wanakimbia, wengine peku, wengine na makubazi ya matairi mkononi ili yasichakae. Mvua za Desemba ziliponyesha na majembe yakaita, wengi wakaacha. Mjomba alilima mchana na kukimbia alfajiri, barabara ya vumbi ya kwenda mjini, hadi akachukuliwa kwenye timu moja ya jeshi na kukimbia mita 10,000 mashindano ya taifa. Medali zake zilikaa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Olimpiki hakufika, na sikuwahi kumsikia akilalamika. Alichokuwa anapenda kusimulia ni mizunguko 25 ya uwanja, na jinsi mzunguko wa 18 ulivyo mgumu kuliko wa mwisho.

Hayo niliyaandika haraka, maana nilikuwa nayo kichwani tangu utoto. Nilipofika kwenye "aliugua" nikasimama. Mzee mmoja wa kamati alikuwa ameshaniandalia maneno kwenye karatasi: "Mwaka 2017 alianza kusumbuliwa na maradhi ya figo, akapata matibabu sehemu mbalimbali, hadi mauti yalipomkuta." Miaka saba imepita ndani ya mkato mmoja. Na mama yangu hayumo.

Mama yangu ndiye aliyempa figo.

Naomba nieleze kidogo, maana wengi huku bado wanadhani ni hadithi. Shinikizo la damu lilimla Mjomba figo zote mbili kimyakimya. Nani angempima presha mtu anayekimbia kila alfajiri? Lilipogundulika, figo zilikuwa zimeshachoka. Akaanza kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, sindano mbili nene mkononi. Maji akapimiwa. Mtu aliyekuwa anamaliza mbio na kushusha kibuyu kizima, sasa kikombe chake cha siku kinajulikana, na akizidisha anavimba miguu na kukosa pumzi usiku. Machungwa na parachichi akakatazwa, kwa sababu ya madini ambayo figo nzima huyatoa na figo mbovu huyaacha mpaka yakasumbua moyo. Aliniambia njaa aliizoea tangu kambini. Kiu ndiyo iliyomtesa.

Zamani mgonjwa kama yeye alihitaji safari ya India. Lakini Novemba 2017 Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini, na Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, pale jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, nayo ikaanza, wakishirikiana na madaktari kutoka Japani. Mjomba alipandikizwa pale mwaka 2019. Figo haikai mgongoni kama zile za kuzaliwa nazo. Huwekwa chini ya tumbo, upande mmoja, na za zamani huachwa mahali pake. Ilianza kufanya kazi siku ileile. Nilipoingia kumwona, hakunisalimia. Alinionyesha mfuko wa mkojo uliokuwa unajaa pembeni ya kitanda, akalia. Wodi ya pili Mama alikuwa amelala upande, anauliza swali moja tu: "Amekojoa?"

Tangu hapo kila nilipomtembelea aliukamata mkono wangu akauweka tumboni, chini kulia, ambapo palikuwa pamevimba kidogo. "Msalimie mama yako," anasema.

Basi niliifuta sentensi ya yule mzee na kuandika yangu. Nikamsomea Mjomba Mkubwa, kaka yao, kwa sababu yeye ndiye msemaji wa familia. Akatikisa kichwa.

"Mambo ya hospitali hayasomwi msibani."

Nikamwambia kuugua kwake kumeshasomwa, kilichobaki ni kupona kwake. Akasema watu watauliza. Nikauliza watauliza nini. Akanyamaza muda, akiikunja kofia yake na kuikunjua. Mama mdogo alikuwepo pia, na Mama, ambaye alikuwa ameegemea ukuta akiwa na khanga mbili, ya kuvaa na ya kujitanda.

"Mimi pia sitaki," Mama akasema. "Sikumpa ili nisomwe. Ukiniandika, itaonekana nilimkopesha."

Sikuwa nimelitarajia hilo, na lilinichanganya kuliko la Mjomba Mkubwa. Kwa hakika figo ilikuwa yake, na kimya pia kilikuwa chake. Nikaweka kalamu chini.

Ndipo simu ya marehemu ikalia. Ilikuwa saa moja kamili ya jioni, na ile haikuwa simu ya mtu bali kengele ya dawa. Mtu aliyewekewa figo humeza dawa za kuuzuia mwili usiikatae, asubuhi na jioni, kila baada ya saa 12, maisha yake yote. Mwili haujali kwamba figo imetoka kwa dada. Hakuna aliyekumbuka kuizima ile kengele. Mtoto wake wa mwisho, wa miaka mitatu, akainuka miguuni pa mama yake, akatoka, akarudi na kikombe cha maji akitembea taratibu yasimwagike, kama alivyozoea kumpelekea baba yake. Akatutazama mmoja mmoja.

Mke wa mjomba alikipokea kikombe. Siku ile nzima alikuwa hajasema neno zaidi ya kuitikia pole.

"Wifi," akamwambia Mama, "huyu nitamwandika amezaliwa kwa lipi?"

Mama hakujibu.

"Mwaka 2019 mume wangu alikuwa anakufa. Huyu amezaliwa 2021. Mkubwa wake tumemwoza baba yake akiwa amesimama na suti. Hiyo miaka siyo yako peke yako ukaifiche, wifi. Na mimi ni yangu."

Mimi nisingethubutu kumwambia Mama hivyo. Mama mdogo akamkalisha yule mtoto mapajani. Kisha Mjomba Mkubwa, akiwa ametazama sakafu, akatoa lililokuwa moyoni. Watu wakisikia ni dada aliyetoa, watauliza kaka alikuwa wapi. Watasema alikimbia.

Hakukimbia. Hilo sote wa chumbani tulilijua, lakini nje hakuna aliyejua. Alikuwa wa kwanza kwenda kupimwa, kabla ya dada zake wote wawili, na alikuwa ameshauza ng'ombe kwa ajili ya gharama. Walimpima presha mlangoni tu ikaonekana ipo juu. Mwenye presha ya namna ile hachukuliwi figo, maana aliyebaki na moja atakuwa hatarini. Alikwenda kutoa figo akarudi na vidonge. Mama mdogo kundi la damu lilikataa: yeye A, Mjomba O, na O hupokea kutoka kwa O mwenzake tu. Akabaki Mama. Kwake wakapima damu, tishu, moyo, na figo zenyewe, na daktari akamweka peke yake chumbani kumuuliza kama kuna mtu anayemlazimisha. Mama alimjibu kwamba yeye ndiye anayewalazimisha wao.

Nikachukua kalamu tena. Sasa nililijua lililokuwa linatakiwa. Nafikiri wasifu zetu zina upungufu hapo: tunamhesabia marehemu alichofanya, shule, kazi, vyeo, na aliyofanyiwa tunayaacha, kana kwamba mtu hufika uzeeni kwa miguu yake tu. Niliandika, nikafuta, nikaandika, na kila nilipofuta Mjomba Mkubwa alikuwa ameshasogea karibu zaidi na taa. Mwishowe ikawa hivi:

"Mwaka 2019, baada ya kusafishwa damu kwa muda mrefu, ndugu zake wote watatu walijitokeza kupimwa ili wamchangie figo, kaka yake mkubwa akiwa wa kwanza kufika hospitali. Iliyokubali ilikuwa ya dada yake, na kwa figo hiyo marehemu aliishi miaka mitano, akamwoza binti yake, akampata mtoto wake wa mwisho, na akawafundisha mbio watoto wa shule ya msingi hapa kijijini."

Mjomba Mkubwa aliomba nirudie. Nikarudia.

"Ana dada wawili," akasema. "Andika na jina lake."

Mama alijifunika uso na khanga. Hakusema ndiyo, lakini hapana yake haikusikika tena, na mimi nikaandika jina.

Kesho yake niliusoma wasifu mbele ya jeneza, uwanja umejaa, na wale watoto aliokuwa anawafundisha wamesimama mstari wa mbele na sare zao za shule. Kwenye mbio watu waliguna kwa kuridhika, walizijua. Nilipofika kwenye sentensi ile pakawa kimya, nikasikia mtu nyuma akiuliza, "Dada yake yupi?" na mwingine akimwonyesha. Mjomba Mkubwa alikuwa amesimama wima kabisa. Mchungaji kwenye mahubiri yake hakuligusa jambo hilo, akahubiri aliyokuwa ameyaandaa, na sikumlaumu.

Tuliporudi kutoka makaburini, Mama alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye mafiga, akisaidia kugeuza ugali wa uwele kwenye sufuria kubwa, jambo ambalo kila mtu alimkataza na yeye hakusikia. Mwanamke mmoja, simfahamu, alimvuta pembeni. Nilikuwa natenga mlenda, nikawasikia. Kijana wake alikuwa anasafishwa damu mjini tangu mwaka uliopita. Alitaka kujua kama inauma. Alitaka kujua kama bado anaweza kubeba ndoo kichwani. Na kama mume wake Mama alikubali.

Mama akageukia ukuta, akapandisha blauzi ubavuni, akamwonyesha kovu. Ilimuuma wiki za mwanzo, akamwambia, na wakati wa baridi linawasha. Ndoo anabeba, shamba analima. Iliyobaki huwa inajikuza ifanye kazi ya mbili. Kliniki anakwenda kila mwaka, presha anapima kila akipita zahanati, na dawa za maumivu za dukani hamezi ovyo. Mume wake alikuwa na maneno mengi mwanzoni, kisha yakaisha.

"Kundi lako la damu unalijua?"

Yule mama hakulijua.

"Anza na hilo. Bado hujaahidi mtu chochote, unapima tu. Na kijana usimwambie mpaka upate jibu." Akafuta mikono kwenye khanga. "Alhamisi nakwenda Mkapa mwenyewe. Gari la kwanza linatoka hapa saa kumi na moja na nusu, nikiwahi nitakushikia siti."