Fisi wangu, mbuzi wa wenyewe

Bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo wa chuo, limeingia Alhamisi jioni. Kabla sijalipa deni la mama ntilie, nimekwenda soko la Majengo kununua betri. Kamera moja ya kutegesha porini inakula betri nane, na kamera zenyewe nimeazimwa na idara, kwa hiyo ukitia betri za bei chee zikavuja, kesi ni yako. Muuzaji akauliza nyumbani kwangu kuna redio ngapi. Nikamwambia ni za fisi. Akanipa chenji yangu bila kuongeza neno.

Nimeshazoea. Huu ni mwaka wa tatu nasomea uhifadhi wa wanyamapori hapa Dodoma, na watu wananielewa vizuri tu mpaka wasikie nimechagua mnyama gani. Ukisema tembo wanaona fahari, ukisema simba wanaomba picha. Fisi? Mama yangu kule Muheza mpaka leo anawaambia majirani kwamba nasomea "mambo ya misitu". Utani wa hosteli siuandiki hapa, kuna wadogo zangu wanasoma.

Si kwamba wengine siwapendi. Wala nyama wote nawapenda, wakubwa kwa wadogo: kanu anayetembea juu ya paa usiku na mkia wake wa pete pete, nyegere asiyemwogopa mtu, mondo, simbamangu, hata nguchiro wanaovuka barabara ya chuo asubuhi utadhani wamechelewa kipindi. Chui sijawahi kukutana naye, namjua kwa nyayo tu. Lakini fisi madoa ndiye aliyenikamata, na kilichonikamata ni ukoo wake. Jike ni mkubwa kuliko dume na ndiye mwenye kauli. Mtoto hurithi cheo cha mama yake, akazaliwa macho wazi na meno yameshatoka. Dume akikua huondoka kwao, akaomba kukaa kwenye ukoo wa wengine, na huko anaanzia mwisho wa foleni. Halafu ile habari kwamba fisi kazi yake ni kuokota mabaki ya simba! Hans Kruuk, Mholanzi aliyewafuata usiku kwa usiku Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960, alikuta sehemu kubwa ya chakula chao wanaua wenyewe, na kule kreta mara nyingi simba ndiye aliyekuja kuwapora.

Hayo darasani nayasema kwa mbwembwe. Kijijini hayanipatii hata kigoda cha kukalia.

Fildi yangu ipo upande wa Chemba, kwenye vijiji vya jirani na Pori la Akiba Swagaswaga. Unapanda basi la Kondoa, unashuka njiani, bodaboda anamalizia. Barua ya utambulisho ilitoka chuoni ikaenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, ikashuka kwa mtendaji wa kata, na ilipomfikia mtendaji wa kijiji ilikuwa imejaa mihuri hadi nyuma. Bila hiyo barua na bila mwenyekiti kukutambulisha kwenye mkutano, kamera utazikuta zimeondoka. Nikitegesha naiweka kimo cha goti, uso wake uelekee kaskazini au kusini ili jua lisiipige, na nafyeka nyasi zote mbele yake, la sivyo utarudi na picha elfu za majani yakipepea. Hata ukifyeka, ukifungua kadi ni mbuzi, mbuzi, watoto wametoa ndimi, mbuzi, baba mmoja anajisaidia (hiyo nimeifuta, heshima ni kitu cha bure), mbuzi tena. Kisha, saa nane usiku, fisi.

Madoa ya fisi hayafanani na ya mwenzake, na ubavu wa kulia haufanani na wa kushoto. Ndiyo maana kamera huwa mbili, zinatazamana kwenye njia moja, zimpige pande zote. Yupo jike mmoja mwenye sikio lililochanika ambaye kwenye daftari ana namba. Mimi namwita Bi Mkubwa. Usiku akiita, sauti inaanza chini kabisa, inapanda, inakatika, inaanza upya, na inasafiri kilomita kadhaa. Kile wanachokiita kicheko cha fisi mara nyingi hutoka kwa anayefukuzwa au mwenye hofu, hakuna raha yoyote ndani yake. Nikiwa nimelala kwa mwenyeji wangu huwa natabasamu gizani nikimsikia, huku mwenyeji wangu anaamka kwenda kuangalia zizi. Mlango mmoja, watu wawili, na kila mmoja anasikia lake.

Wiki iliyopita alfajiri kijana mmoja alinigongea. "Dada, babu anakuita. Fisi amekula."

Babu huyu ni Mgogo, na *mbukwenyi* yangu, salamu ya Kigogo kwa lafudhi ya Kitanga, huwa inamchekesha. Siku hiyo haikumchekesha. "Shikamoo babu." "Marahaba. Njoo uone kazi ya mtoto wako."

Zizi lake ni la miiba. Upande wa mashariki miiba ilikuwa imekauka na mchwa wameila kwa chini, na hapo ndipo palipokuwa na upenyo. Mbuzi jike mweupe, mwenye baka jeusi shingoni, amelala nje ya upenyo, tumbo limefunguliwa na paja moja halipo. Wengine wawili wamesimama pembeni, miguu ya nyuma imechanika, wanatetemeka. Nikaomba ruhusa nimchune. Babu akanipa kisu chake.

Hii kazi hufundishwi vizuri mpaka uifanye. Unachana ngozi taratibu pale penye alama za meno. Ukikuta damu imevilia chini yake, mnyama aling'atwa akiwa hai. Pakiwa pakavu, alikufa kwa kitu kingine, wakaja kumla baadaye. Kisha unaangalia koo. Chui hushika koo, matundu ya meno utayaona, na mara nyingi humburuta aliyemuua akamfiche kichakani au juu ya mti. Fisi huanzia tumboni na mapajani, akipewa nafasi anatafuna na mifupa, asubuhi unakuta pembe na majani yaliyokuwa tumboni. Mbwa wa kijiji naye ana tabia zake: anarukia huyu, anamwacha, anauma miguu na matako, anajeruhi wengi na kula kidogo. Kwa hiyo wale wawili wenye miguu iliyochanika walinipa tumaini, na sioni aibu kusema nilitamani iwe mbwa. Nikainama kwenye vumbi la mlangoni. Vidole vinne, kucha butu zimeonekana, mguu wa mbele mkubwa kuliko wa nyuma, mpana kukikaribia kiganja changu. Mbwa hana wayo wa namna hiyo. Na damu ilikuwa imevilia.

"Kwa hiyo?" babu akauliza.

"Ni fisi, babu."

"Hilo nililijua jogoo hajawika. Nilikuwa nasubiri useme wewe."

Sikuwa na la kuongeza, nikakaa. Yule mbuzi alikuwa na mimba. Nilimwona babu akimfunika na gunia, polepole, kama mtu anayefunga hesabu za mwaka mzima, maana hesabu ndizo hizo: sare za mjukuu, dawa, mtama wa kununua mwezi wa pili ghala likiisha. Mvua ya huku ni ya msimu mmoja. Ikikosea hakuna ya pili ya kuisubiri, na hapo mbuzi ndiye benki.

Nikamweleza habari ya kifuta jasho, kwamba kuna kanuni za mwaka 2011 zinazompa mwananchi haki ya kuomba fedha ya pole pale mnyama hatari anapoharibu mazao au kuua mifugo, na kifuta machozi ni kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Unatoa taarifa kwa mtendaji, afisa wanyamapori anakuja kukagua, fomu zinajazwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza afisa atatoka wapi. Nikamwambia wilayani. Akaliangalia jua, akaliangalia gunia, ambalo nzi walikuwa wameshalijaa. "Na huyu atamsubiri?"

Kijana mmoja akasema waweke dawa kwenye mzoga, fisi atarudi usiku kuumalizia. Alimaanisha dawa ya kuulia wadudu shambani. Hapo mwili ulinisisimka, kwa sababu sumu haichagui. Fisi anaweza asirudi kabisa, lakini tumbusi watashuka asubuhi, na watashuka kwa makundi. Tumbusi mgongo-mweupe tangu 2015 amewekwa kwenye daraja la ndege walio hatarini kabisa kutoweka duniani, na sumu za mizoga ni sababu kubwa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuyasema hayo yote babu akanitangulia. "Mbwa wangu nao watakula," akasema, na mjadala ukaishia hapo. Mimi ningezungumza dakika kumi na nisingemshawishi yeyote.

Baadaye, chai ikiwa imeshuka, alinipeleka nyuma ya mji wake kunionyesha kichuguu kirefu cha udongo kilichobaki pale lilipokuwa tembe la baba yake. Pande nne, paa la udongo lililolala juu ya miti, mlango mmoja, na katikati ua. Uani humo ndimo ng'ombe na mbuzi walimolala, watu wamewazunguka pande zote. "Fisi angepita wapi?" Ikaja Operesheni Dodoma mwaka 1971, watu wakahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Kwao nyumba mpya ikasimama peke yake, zizi likabaki nje, la miiba. Baadaye likaja bati, na anayejenga kwa bati hazungushi pande nne, nani ana fedha hiyo?

Nimelifikiria jambo hilo wiki nzima. Darasani zizi imara tunalisoma kama kitu kilicholetwa na miradi. Na kweli miradi imefanya kazi. Kule pembezoni mwa Ruaha, mradi wa wala nyama ulioanza 2009 umesaidia wafugaji wengi kuzungushia mazizi senyenge, na mifugo inapona. Siibezi senyenge, ningekuwa nayo ningeanza na huyu babu. Lakini sijaona muhtasari wa somo hata mmoja unaosema kwamba nchi hii ya kati ilikuwa na jibu lake, la udongo, na kwamba migogoro mingine tunayoiita ya wanyama ilianza pale ramani za makazi zilipochorwa upya. Bibi yangu wa Muheza alikuwa na methali, fisi akimla muwele, mzima funga mlango. Ugogo walishaufunga mlango zamani sana, ukaja ukafunguliwa na mtu mwingine.

Sasa nije kwenye kinachoninyima usingizi, kwa sababu senyenge ni rahisi.

Dodoso langu lina swali la mnyama aliyehusika: simba, chui, fisi, mbwa, bweha, mwingine (taja). Tulipofika hapo babu alisema, "Andika fisi." Nikaandika. Akaendelea, "Lakini huyu ana mwenyewe." Nikamuuliza amejuaje. Akanihesabia. Amepita mazizi ya wenzake, yote yana upenyo, hakugusa. Amekuja kwangu. Na kwangu kuna kesi ya shamba na fulani. Jina alilitaja, silitaji mimi.

Si yeye peke yake. Vijiji vyote ninavyozunguka wapo wanaosema hivyo, kwa utulivu, kama mtu anavyotaja bei ya mahindi. Wapo wanaoamini fisi hupandwa na wachawi usiku na kurudishwa kabla hakujapambazuka. Na jambo hili lina historia nzito: hapo jirani Singida, miaka ya 1940, kulikuwa na mauaji yaliyosemwa yamefanywa na simba-watu, na serikali ya Waingereza ikakamata watu na kufungua kesi. Kwa hiyo mtu akiniambia fisi huyu ana mwenyewe, anachoniambia ni hasira yake inaelekea wapi. Haielekei kwa Bi Mkubwa. Inaelekea nyumba ya tatu kutoka hapo, kwa mtu mwenye jina, na mara nyingi ni mtu mzee. Senyenge haimalizi hilo. Pengine inalipoza, maana fisi akikosa kuingia kesi ya shamba inabaki kuwa kesi ya shamba tu, lakini nitajuaje kama jibu lenyewe, la fisi mwenye mwenyewe, nimelifuta?

Msimamizi wangu anataka nilifute. Ni mtu mwema, kanivumilia mengi, na hoja yake si ya kipuuzi: hiyo ni imani, anasema, tasnifu inataka takwimu, na wakaguzi wa nje watanishika hapo. Ananitaka niwaingize wote kwenye "fisi" tuendelee. Mimi naona nikifanya hivyo nitakuwa nimehesabu mbuzi vizuri na watu nimewaacha. Mzee naye ameshaomba nakala ripoti ikitoka, asomewe na mjukuu wake, na atasikiliza kama maneno yake yamo.

Tunakutana Jumatatu saa nne. Jedwali nimeshalichapa lina safu mbili, "fisi" na "fisi mwenye mwenyewe". Akinikatalia nitaomba safu hiyo ihamie kwenye viambatisho. Akikataa na huko, sijui, labda nitamwomba tupande wote basi la Kondoa.