Ninavyoandaa ukumbi wa kupokea waliohamishwa kabla ya kimbunga

Saa zangu nazihesabu hadi upepo ufike kilomita 63 kwa saa. Kimbunga kamili huanzia 119, lakini ukifika 63 tu hakuna tena wa kupanda ngazi na plaiwudi mkononi. Anayengoja jicho la kimbunga, yaani kitovu chake kilichotulia, ndipo aanze kazi ameshachelewa.

Nyumbani namaliza kwanza, maana watu wakianza kuwasili sirudi tena. Plaiwudi ya milimita 16, ipite ukingo wa dirisha kila upande, skrubu ziingie kwenye ukuta wenyewe wala si kwenye fremu ya dirisha. Kubandika utepe wa gundi kwenye vioo ni kazi bure. Kioo kitavunjika vilevile, na vipande vitakuwa vikubwa zaidi. Najaza mafuta ya gari na kutoa pesa taslimu mapema, kwani umeme ukikatika mashine za benki nazo zinalala.

Ukumbini naanza na nafasi: mita za mraba 3.5 kwa kila mtu, ndicho kiwango cha mashirika ya misaada. Ukumbi wa mita 20 kwa 14 unachukua 80. Ila ukumbi mpana ni wa kulala tu. Paa lisilo na nguzo katikati ndilo upepo hulibeba kwanza, kwa hiyo nachagua mapema korido na vyumba vidogo vya ndani visivyo na madirisha, watu wahamie humo upepo ukishika kasi.

Kinachoharibu kituo cha hifadhi mara nyingi ni choo, si chakula. Chakula kikichelewa watu hunung'unika. Choo kikiziba wanaanza kuharisha. Naanza na choo kimoja kwa watu 50 na kushusha hadi 20 nikipata vya ziada. Pampu za maji hufa na umeme, hivyo kila choo kina pipa lake la maji ya kumwaga, lenye alama kubwa kwamba si ya kunywa. Maji ya kunywa na usafi mdogo ni lita 4 kwa mtu kwa siku: watu 80 kwa siku tatu ni lita 960, yaani madumu 48 ya lita 20. Maji yanayoonekana safi lakini nisiyoyaamini natia matone mawili ya dawa ya klorini ya kufulia, isiyo na manukato, kwa kila lita, nangoja dakika 30. Ya mafuriko siyagusi kabisa, klorini haiondoi mafuta wala kemikali.

Mlango wa kuingilia ni mmoja, na hapo pana daftari: jina, umri, alikotoka, simu ya ndugu aliye mbali na njia ya kimbunga, na dawa anazotumia. Safu ya dawa ndiyo muhimu kuliko zote. Insulini inawekwa mahali pa baridi bila kugusa barafu, kwa sababu ikiganda haifai tena. Anayetegemea mashine ya oksijeni nampeleka hospitali mapema, maana jenereta haiwashwi ndani hata iweje: moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua. Hukaa nje, mita 6 au zaidi kutoka mlango na madirisha, na dhoruba ikipamba moto huzimwa. Saa hizo ni za tochi. Mishumaa naikataa.

Jicho likipita juu yetu upepo hutulia ghafla, na hapo ndipo mlinzi wa mlango hupata kazi. Kila mtu anataka akaone gari lake. Upepo hurudi kutoka upande wa pili, kwa nguvu ileile, na ukuta uliokuwa salama ndio sasa unaopigwa. Mlango haufunguliwi.

Kimbunga kikiisha, hatoki mtu kabla ya taarifa kuhusu nyaya zilizoanguka na barabara zilizojaa maji. Na kila anayeondoka hufutwa daftarini palepale mlangoni, vinginevyo waokoaji watamtafuta mtu aliyekwisha fika kwake.